Sauti ya Mwanafunzi Aliye Mbali

Hotuba ya mwalimu wa Kiingereza kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili za kutwa, Ahero, kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanafunzi mlioketi huko nyuma karibu na madirisha, hamjambo. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niende moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimeombwa nizungumzie namna mwanafunzi wa shule ya upili anavyoweza kujifunza Kiingereza akiwa mbali na mwalimu wake. Huenda yuko mzazi anayejiuliza kwa nini tunalirudia suala hili ilhali korona ilishapita na watoto wako madarasani. Mwaka wa 2020 shule zilifungwa katikati ya Machi, watahiniwa wa kidato cha nne wakarudi tarehe 12 Oktoba, na wenzao wa vidato vingine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Miaka mitatu baadaye, bila ugonjwa wowote, muhula wa pili wa mwaka wa 2024 uliotarajiwa kuanza mwishoni mwa Aprili uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Sisi wa Nyanda za Kano hatuhitaji kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Mto Nyando ukivunja kingo, kuna madarasa ambayo hugeuka makao ya watu waliohama nyumba zao, na hapo hata shule ikitangazwa kuwa imefunguliwa, haijafunguliwa. Tena kuna yule anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ambaye hahesabiwi katika tangazo lolote la serikali. Yeye husomea mbali wiki mbili au tatu kila muhula, peke yake.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa Aprili 2020 nilikuwa nikiamka alfajiri, nikipiga picha kurasa za daftari langu la matayarisho na kuzituma katika kundi la WhatsApp la kidato cha pili. Nilituma kurasa za vivumishi, kurasa za vitenzi na nyakati zake, kurasa za jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi. Niliamini kwamba ninafundisha. Darasa lilikuwa na wanafunzi 52, na kundi lile lilikuwa na namba 19, nyingi zikiwa za wazazi waliokuwa wakirudi na simu nyumbani usiku. Baada ya majuma mawili mzazi mmoja alinipigia, akaniambia kwa adabu kubwa, "Mwalimu, simu imejaa. Sasa haipokei hata picha za matanga ya shangazi yangu." Nilimwomba radhi, nikampa maagizo ya kufuta picha za zamani, kisha nikaendelea kutuma.

Januari ilipofika, wanafunzi wale walirudi na daftari safi kabisa. Walikuwa wamenakili kila ukurasa, hata wale ambao hawakuwa na simu waliazima daftari za wenzao na kunakili. Nikafurahi. Kisha nikamwomba kijana mmoja, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, asimame atueleze kwa Kiingereza alivyoishi miezi ile tisa. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akatazama daftari lake kana kwamba jibu limo humo, akaketi. Darasa zima lilinyamaza pamoja naye, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba angeitwa yeye, ingekuwa vivyo hivyo.

Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba umbali haukuwa tatizo kubwa kama nilivyodhani. Tatizo lilikuwa ukimya. Mtoto alikaa miezi tisa akikiona Kiingereza kwa macho bila kukitoa kinywani hata mara moja, nami ndiye niliyempangia iwe hivyo.

Wazazi wangu, hisabati mtu aweza kuifanya kimya. Lugha haifanyiki hivyo, na Kiingereza hasa kinamtaabisha anayekisoma kwa macho tu, kwa sababu maandishi yake hayafuati sauti zake. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu huandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto akijua a, e, i, o, u, amemaliza. Kiingereza kinaandikwa kwa herufi zilezile tano za irabu, lakini katika matamshi ya Uingereza ambayo mitaala yetu huyafuata, sauti za irabu zinakaribia ishirini. Mwanafunzi anayeona neno "ship" na neno "sheep" katika ukurasa nilioupiga picha anaona tofauti ya herufi. Hajasikia tofauti ya sauti, na asipoisikia atayasoma yote mawili kwa irabu moja ya Kiswahili, kisha atakaa na matamshi hayo hadi chuo kikuu.

Hapa nataka niwaambie jambo ambalo watoto wetu hawaambiwi mara nyingi. Lugha ya nyumbani si mzigo katika safari hii. Dholuo, lugha ya Wajaluo, kina irabu nyingi kuliko Kiswahili, na sikio la mtoto aliyelelewa hapa Kano limezoea tangu uchanga kutofautisha sauti zinazoandikwa kwa herufi moja. Bibi akisema "kech" kwa maana ya njaa, na akisema "kech" kwa maana ya kitu kichungu, mtoto hachanganyikiwi, ingawa kwenye karatasi maneno hayo yanafanana. Sikio hilo ndilo analolihitaji katika Kiingereza. Kinachomshinda ni sauti ambazo Dholuo hakina, kama ile ya "sh", ndiyo maana tunasikia "fis" badala ya "fish". Lakini Kiswahili tayari kimemfunza kusema shamba na shule, kwa hiyo hata hiyo anayo, anahitaji tu kukumbushwa kwamba anayo. Mimi nilisoma enzi ambapo aliyesema lugha ya mama shuleni alivishwa kibao shingoni na kukaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Tulijifunza kunyamaza, wala hatukujifunza Kiingereza zaidi kwa sababu ya kibao kile. Naomba asiwepo mzazi wala mwalimu wa kurejesha kitu hicho nyumbani kwa jina la kumsaidia mtoto.

Kuna makosa yanayotoka Kiswahili pia, na ni vizuri tuyataje waziwazi bila kumwaibisha mtu. Mwanafunzi anapomwita mama yake "he", huyo si mtoto mjinga. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, na Dholuo vilevile hakiwatenganishi hapo, kwa hiyo akili yake haijawahi kulazimika kuchagua. Anapoandika kwamba amesikia harufu kwa kutumia neno la Kiingereza la kusikia kwa masikio, ametafsiri Kiswahili sahihi kabisa. Makosa ya namna hii hayaondoki kwa kusoma kanuni. Huondoka mtoto anaposema sentensi, akasikia mtu akiirudia ilivyo sawa, akaisema tena.

Sasa nije kwenye mtihani, maana najua wazazi wanaungojea. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200: ya kwanza alama 60, ya pili 80, na ya tatu 60. Katika karatasi ya kwanza, alama 30, yaani nusu yake, ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Lakini maswali hayo ya kuzungumza hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaulizwa ni maneno gani yanayotamkwa sawasawa, ni herufi gani isiyotamkwa, ni silabi gani inayotiwa mkazo, atajiandaa vipi kwa mahojiano au mdahalo, na anaandika majibu bila mtu yeyote kusikia sauti yake. Sisemi kwamba mtihani ni mbaya. Kuwasikiliza mmoja mmoja watahiniwa wanaofika mamia ya maelfu kila mwaka si kazi ndogo. Ila umetufanya sisi walimu kuamini kwamba hata kuzungumza kunaweza kufundishwa kwa maandishi, na mzazi naye akiona mtoto ameinamia daftari anaridhika kwamba kazi inaendelea. Mtoto ambaye hajawahi kulitamka neno atakisia silabi ya mkazo. Aliyelitamka mara ishirini akiwa anateka maji hakisii.

Darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu, litafanya mtihani huo mwaka wa 2027. Wale wa mfumo mpya walioingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa shule ya upili ya juu, Januari 2026 watapimwa kwa njia nyingine, lakini Kiingereza kimebaki somo la lazima kwao, awe amechagua sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ninayoyasema yanawahusu wote.

Naomba sasa niwasimulie habari ya Mei 2024. Tuliposikia kwamba shule hazifunguliwi, sikupiga picha ukurasa wowote. Niliwaandikia wanafunzi wa kidato cha tatu ujumbe mmoja mfupi: chagua aya moja katika kitabu ulicho nacho, isome kwa sauti, kisha funga kitabu unieleze umesoma nini, na unitumie yote mawili kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Siku mbili za kwanza sikupata kitu. Siku ya tatu usiku, saa tatu kasorobo, ulikuja ujumbe wa msichana mmoja ambaye darasani alikuwa akikaa nyuma kabisa na ambaye sauti yake nilikuwa siijui vizuri.

Ulikuwa wa dakika moja na sekunde hamsini. Alikuwa ameurekodi mchana katika shamba la mpunga la mjomba wake, upande ambao maji hayakufika, alikokuwa akiamia ndege. Wanaolima mpunga hapa wanajua: mpunga ukianza kukomaa, mtu hukaa shambani tangu macheo hadi magharibi, ama sivyo ndege wanamaliza kila kitu. Anasoma sentensi mbili kwa Kiingereza, anakatiza, unasikia akipiga kelele na debe likigongwa, kisha anarudi kwenye sentensi palepale alipoachia. Katika aya ile kulikuwa na neno "although". Alilisoma kimakosa mara ya kwanza, akasita, akalirudia, akalirudia tena kwa sauti ya chini kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi, kisha akaendelea. Alipofunga kitabu na kuanza kusimulia, Kiingereza chake kilikuwa na makosa mengi, lakini kilikuwa chake. Nilimjibu kwa sauti pia. Sikumtajia makosa yote. Nilichagua mawili, nikasema sentensi zake zilivyopaswa kuwa, nikamwomba azirudie. Kesho yake alizirudia, ndege na debe vikiwa palepale.

Hadi shule zilipofunguliwa alikuwa amenitumia jumbe tisa. Niliziweka, na aliporudi tulisikiliza wa kwanza na wa tisa pamoja kwenye kiti cha nje ya ofisi ya walimu. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa kwanza ni mimi kweli?"

Jambo hili si uvumbuzi wangu, na ningependa tulitambue hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa hapa Kenya, kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi, nyingi zikiwa za mashambani. Waliouandaa hawakumwacha mtangazaji azungumze nusu saa nzima huku watoto wakisikiliza kimya. Redio iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha redio ikatoa jibu sahihi, ikauliza jingine. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa hisabati nchini Nicaragua katika miaka ya 1970. Kilichokuwa na thamani katika vipindi vile ni zile sekunde chache za kimya, ambazo zilikuwa za mtoto. Mwaka wa 2020 Taasisi ya Kukuza Mitaala ilipeperusha masomo kupitia redio za KBC, shirika la utangazaji la taifa, na yalikuwa masomo mazuri, lakini nyumbani nani alimzuia mtoto asijibu? Kwa kawaida ni sisi wakubwa. Mtoto akiijibu redio kwa sauti, tunamwambia apunguze kelele. Naomba tuwaache waijibu redio.

Mtu atasema, Mwalimu, haya yanahitaji simu na bando, na bando ni pesa. Ni kweli, ila tupige hesabu. Somo la video la dakika arobaini linaweza kumeza mamia ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa kawaida haufiki hata megabaiti moja. Kwa mwanafunzi wetu, ujumbe wa sauti ndio wa bei nafuu, na ndio unaomfundisha zaidi. Mnakumbuka mwaka wa 2020 tulipoambiwa kwamba puto za Loon zitaelea angani zikileta intaneti juu ya eneo la kilomita za mraba karibu 50,000, magharibi na katikati mwa nchi. Zilianza kazi mwezi wa Julai, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Sikuzilaumu puto zile. Ila nilijifunza kutopanga masomo ya mtoto kwa kutegemea kitu kitakachoshuka kutoka juu, wakati kuna simu ya mulika mwizi, ile ndogo isiyo na intaneti, mfukoni mwa baba yake inayoweza kupiga na kupokea. Wanafunzi wawili wenye simu za namna hiyo wanaweza kusomeana aya kwa dakika tatu usiku, na hiyo ni Kiingereza tosha kwa siku moja.

Na hapa naomba akina baba wanisikilize kwa makini, maana nasema kwa heshima. Simu ikiwa moja nyumbani, mara nyingi inalala mfukoni mwa baba, na ikitoka huko inaenda kwanza kwa mvulana. Msichana anapomaliza kuosha vyombo na kumlaza mdogo wake, simu haina chaji au bando limekwisha. Yule niliyewasimulia alirekodi shambani kwa sababu mjomba wake alimwachia simu mchana, akijua anaitumia kwa nini. Mjomba huyo hakusoma zaidi ya darasa la saba na hajui Kiingereza, lakini jioni alikuwa akimwambia, "Haya, nisimulie kwa Dholuo ulichokisoma leo." Nawaambieni, msaada ule ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Mtoto hawezi kukusimulia kwa lugha yake jambo ambalo hakulielewa kwa Kiingereza, na mzazi anayesikiliza kwa uso unaotaka kujua atatambua mara moja mtoto anapoanza kubahatisha.

Niligusie na jambo la akili unde, kwa kuwa walimu wenzangu wameniuliza. Siku hizi unampa mwanafunzi insha akiwa nyumbani, na inarudi baada ya robo saa ikiwa haina kosa hata moja. Sipendi kumwita mtoto mwizi bila ushahidi, na sitaki tumkataze kabisa kifaa ambacho kinaweza kumweleza maana ya neno saa nne za usiku wakati mimi nimelala. Ninachofanya ni kumwomba anitumie sauti yake akiisoma insha hiyo, kisha anieleze, bila kutazama, kwa nini alichagua neno fulani katika aya ya pili. Aliyeandika mwenyewe hueleza, hata kwa kugugumia. Ambaye hakuandika hujua mwenyewe, na mara nyingi wiki inayofuata huniletea insha yenye makosa, nami huipokea kwa furaha kubwa.

Mpango wetu, basi, ni huu. Hatungoji mafuriko mengine. Kuanzia Jumatatu ijayo, kila mwanafunzi aliyejiandikisha atasoma kwa sauti dakika moja na kusimulia dakika moja, siku nne kwa wiki, kutoka kitabu alicho nacho tayari. Hakuna anayetakiwa kununua kitabu kipya. Tumewapanga watatu watatu kwa kufuata vijiji, wa Kakola pamoja, wa Ombeyi pamoja, wa Wawidhi pamoja, ili asiye na simu apate kumfikia mwenye simu kwa miguu kabla ya giza. Aliyerudishwa nyumbani kwa karo anabaki katika kikundi chake, wala nafasi yake haijazwi. Sisi walimu sita tumegawana vikundi, na kila mwanafunzi atajibiwa kwa sauti angalau mara moja kwa wiki. Wazazi tunawaomba simu kwa dakika kumi baada ya chakula cha jioni, na kama inawezekana, mzime televisheni kwa dakika hizo.

Wanafunzi wa Kochogo wameniletea barua asubuhi hii wakiomba waanze Jumapili badala ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ni zamu yao ya maji mashambani na watarudi wamechoka. Barua wameiandika kwa Kiingereza, wote watatu wametia sahihi, na walipoileta niliwaomba wanisomee. Wamesoma kwa zamu, kila mmoja aya yake. Nimewakubalia.

Asanteni sana.